Selimundu: Jinsi tone la damu linavyoweza kumwokoa mtoto kabla hajaugua

Kati ya Februari 2014 na Machi 2015, maabara kuu ya afya ya umma mjini Kampala ilipima upya karibu kadi 100,000 za karatasi zilizokuwa na matone ya damu yaliyokauka. Damu hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa watoto wachanga na wadogo kutoka pande zote za Uganda kwa sababu nyingine kabisa: walikuwa wamezaliwa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI, na wahudumu wa afya walitaka kujua mapema kama wameambukizwa. Kipimo hicho kilipokamilika, kadi zilibaki. Watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani wakaamua kuziuliza swali la pili, ambalo halikuwa limewahi kuulizwa kwa nchi nzima: ni watoto wangapi wanaozaliwa na jeni ya selimundu?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la The Lancet Global Health. Katika kila watoto 100, 13 walikuwa na jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita siko seli na ambao kwa Kiganda hujulikana kama nalubiri. Watoto saba katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Haikupatikana wilaya hata moja isiyokuwa na jeni hiyo. Kusini-magharibi mwa nchi watoto wenye jeni moja walikuwa asilimia 4.6, ilhali katika eneo la mashariki ya kati, iliko Busoga, walifikia asilimia 19.8. Katika wilaya nane walizidi asilimia 20.

Ndani ya takwimu hizo kulikuwa na jambo jingine, la kuhuzunisha zaidi. Miongoni mwa watoto waliozidi umri wa miezi 12, ugonjwa ulionekana kwa uchache kuliko miongoni mwa wadogo wao. Selimundu haimtoki mtoto kadiri anavyokua. Anayezaliwa nayo huishi nayo. Watafiti waliona kwamba tofauti hiyo inalingana na vifo vya mapema. Kwa maneno mengine, sehemu ya watoto waliopaswa kuhesabiwa katika kundi la wakubwa walikuwa wamekwisha kufariki dunia, na yamkini wengi wao walizikwa bila wazazi kujua walichougua.

Ndiyo sababu wataalamu wa afya hulitaja gonjwa hili kila yanapozuka mazungumzo kuhusu elimu ya vinasaba na namna inavyoweza kubashiri maradhi na kuyakinga. Kuna magonjwa mengi ambayo jeni huyachangia kwa sehemu ndogo tu. Selimundu ni tofauti: chanzo chake kinajulikana kwa uhakika, kipimo chake kipo, na hatua za kumlinda mtoto zimethibitishwa. Kinachopungua mara nyingi ni kujua mapema.

Herufi moja iliyobadilika

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Maelekezo ya kutengeneza protini hiyo yameandikwa katika vinasaba, yaani DNA, kwa mfuatano mrefu wa kemikali nne ambazo wanasayansi huziwakilisha kwa herufi A, C, G na T. Jeni inayohusika na selimundu imo katika kromosomu ya 11. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, mahali fulani penye herufi A pamekaa T. Badiliko hilo dogo hufanya himoglobini iwe na kiungo kimoja kisicho chake, na hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia.

Himoglobini hiyo inapoachia oksijeni, hujikusanya na kuwa kama vijiti vigumu ndani ya chembe. Chembe ya kawaida ni mviringo na laini, hupita katika mishipa myembamba kwa kujikunja. Chembe yenye vijiti hivyo hupinda na kuwa na umbo la mundu, ndiyo asili ya jina selimundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita, jambo linaloleta maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Aidha, hazidumu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini yenye umbo la mundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Mwili hushindwa kuzalisha nyingine kwa kasi hiyo, na mgonjwa hupungukiwa na damu, huku macho yake yakigeuka rangi ya manjano.

Maelezo ya kwanza ya chembe hizo katika maandiko ya kitabibu ya nchi za Magharibi yaliandikwa mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago, aliyemtibu mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949, mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti na ya watu wengine. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya tiba kwa ugonjwa kuhusishwa na kasoro ya molekuli moja inayojulikana.

Kwa nini jeni hii imeenea hapa

Swali lililowasumbua wanasayansi ni kwa nini jeni yenye madhara makubwa kiasi hicho haijapotea. Jibu lilitokana na Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali mwaka 1949 na kugundua kwamba jeni hiyo ilikuwa nyingi katika mwambao wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini chache katika nyanda za juu zenye baridi. Maeneo ilikokuwa nyingi ndiyo maeneo ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Tafiti zilizofuata, zikiwemo za Kilifi katika pwani ya Kenya, zimeonyesha kuwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali hufikia takriban asilimia 90.

Hivyo basi, kwa karne nyingi, mtoto aliyerithi jeni moja alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa kuliko mwenzake asiyekuwa nayo. Jeni hiyo haikuja kwa laana wala kwa uchawi, na haikuletwa na ukoo fulani. Ni alama iliyoachwa na malaria katika damu za watu walioishi nayo, kuanzia Afrika hadi Uarabuni, India na baadhi ya maeneo ya bahari ya Mediterania.

Hata hivyo, kinga hiyo haimhusu mgonjwa wa selimundu. Mtoto mwenye jeni mbili, akipata malaria, yumo hatarini zaidi kwa kuwa damu yake ni pungufu tayari.

Hesabu ya urithi

Kila mtu hupokea nakala moja ya jeni hii kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mtu mwenye nakala mbili za kawaida huandikwa AA katika majibu ya maabara. Mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya selimundu huandikwa AS. Huyu ni mbebaji. Kwa kawaida haugui, na anaweza kufikia uzee bila kujua. Mwenye nakala mbili za selimundu, SS, ndiye mgonjwa.

Wazazi wawili walio AS wanapopata mtoto, uwezekano ni kama ufuatao: robo kwamba mtoto atakuwa AA, nusu kwamba atakuwa AS kama wao, na robo kwamba atakuwa SS. Hapa pana kosa linalofanywa mara kwa mara. Watu hudhani kuwa wenzi hao wakizaa watoto wanne, mmoja tu ndiye atakayeugua, na kwamba akishazaliwa mgonjwa basi wengine wamesalimika. Sivyo. Hesabu hiyo huanza upya katika kila mimba, kama sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka mara iliyopita. Wapo wazazi wenye watoto watano wote wazima, na wapo wenye watoto watatu wote wagonjwa.

Ikiwa mzazi mmoja ni AA na mwingine AS, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa kila mmoja ana uwezekano wa nusu kuwa mbebaji. Ikiwa mmoja ni SS na mwingine AA, watoto wote watakuwa wabebaji, na hakuna atakayeugua. Ikiwa mmoja ni SS na mwingine AS, nusu ya uwezekano ni ugonjwa.

Hesabu hii inaonyesha pia jinsi dhana ya kumlaumu mama isivyo na msingi. Katika familia nyingi, mtoto anapogundulika, ndugu wa mume husema kwamba ugonjwa umetoka upande wa mwanamke, na wapo akina mama waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo. Mtoto SS hawezi kuzaliwa bila ya mchango wa pande zote mbili. Nakala moja ni ya mama, nyingine ni ya baba.

Kwa kutumia takwimu za Uganda, mtu anaweza kukadiria ukubwa wa suala hili. Iwapo wabebaji ni asilimia 13.3 na watu wanaoana bila kujuana hali zao, basi karibu wenzi wawili katika kila 100 wote wawili ni wabebaji. Mahali ambapo wabebaji ni asilimia 20, idadi hiyo hupanda na kufikia wenzi wanne katika kila 100. Katika harusi moja kubwa ya kijijini, mbele ya mamia ya waalikwa, wamo wenzi kadhaa wa namna hiyo wasiojua.

Kipimo kipi kinaeleza nini

Si vipimo vyote vya selimundu vinavyojibu swali moja. Kipimo cha bei nafuu kinachopatikana katika zahanati nyingi huchanganya damu na dawa inayoondoa oksijeni, kisha mtaalamu huangalia kama chembe zinapinda. Kipimo hicho hueleza kwamba himoglobini ya selimundu ipo, lakini hakiwezi kumtofautisha mbebaji na mgonjwa. Mtu aliyeambiwa tu kwamba kipimo kimeonyesha siko seli, bila kuelezwa kama ni AS au SS, hajapata jibu kamili. Zaidi ya hayo, kipimo hicho hakifai kwa watoto wachanga, kwa sababu damu ya mtoto aliyezaliwa hivi karibuni ina himoglobini nyingi ya mimba ambayo huificha ile ya selimundu.

Vipimo vinavyotoa jibu kamili ni vile vinavyotenganisha aina za himoglobini. Katika maabara kubwa hutumika mashine zinazozitenganisha kwa umeme au kwa kuzipitisha katika kemikali maalumu. Tone la damu kutoka kisigino cha mtoto, likikaushwa kwenye karatasi, linatosha, na karatasi hiyo inaweza kusafirishwa kwa pikipiki hadi maabara ya mbali bila kuhitaji barafu. Katika miaka ya karibuni vimepatikana pia vipimo vya haraka vya karatasi, vinavyofanana na vile vya malaria, ambavyo huonyesha kwa dakika chache kama mtu ni AA, AS au SS. Vinaweza kutumika hata katika kituo kisicho na umeme.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Mtu aliyeongezewa damu asipimwe hali yake mapema mno, kwa kuwa kipimo kitasoma damu ya aliyemchangia. Kwa vile chembe nyekundu huishi takriban miezi minne, inashauriwa kusubiri miezi mitatu au minne, au kumweleza mhudumu wa maabara kabla ya kupimwa.

Baada ya jibu

Kipimo peke yake hakimlindi mtoto. Thamani yake inatokana na yale yanayofuata, na hapa historia ina mafunzo.

Mwaka 1986, madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto 215 wenye selimundu. Nusu walipewa penisilini kila siku, nusu wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Watoto wa selimundu huathirika bandama mapema, kiungo ambacho huuchuja mwili dhidi ya vijidudu, hivyo bakteria wanaosababisha homa ya mapafu na sumu katika damu huweza kuwaua kwa saa chache. Waliopewa penisilini walipata maambukizi hayo kwa asilimia 84 pungufu kuliko wenzao. Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa kuwanyima watoto wengine dawa hiyo kusingekuwa haki. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, lakini haiwezi kupewa mtoto ambaye hali yake haijulikani.

Nchini Jamaika, watafiti walianza mwaka 1973 kuwapima watoto wachanga 100,000 waliozaliwa mjini Kingston na kuwafuatilia waliokutwa na ugonjwa. Waligundua kuwa baadhi ya watoto walifariki ghafla kwa sababu damu ilijikusanya kwenye bandama, ikavimba upesi huku mwili ukibaki bila damu. Wakawafundisha akina mama kumpapasa mtoto tumboni, chini ya mbavu za kushoto, na kumkimbiza hospitali mara tu wanapohisi uvimbe. Vifo vya aina hiyo vilipungua sana. Uchunguzi huo haukuhitaji mashine yoyote, ila mama aliyejua kwamba mwanawe ana selimundu na aliyeonyeshwa mahali pa kuweka mkono.

Dawa ya tatu ni haidroksiyurea, iliyokuwa ikitumika awali kutibu saratani. Huuchochea mwili kuendelea kutengeneza himoglobini ya mimba, ile inayowalinda watoto katika miezi sita ya mwanzo. Kwa muda mrefu palikuwa na hofu kwamba dawa hiyo ingewadhuru watoto wa Afrika wanaoishi penye malaria na lishe duni. Hofu hiyo ilijibiwa na tafiti zilizofanyika katika kanda hii. Jaribio moja lilifanyika katika hospitali ya Mulago, Kampala, na likaonyesha kuwa malaria haikuongezeka kwa waliopewa dawa. Jingine, lililochapishwa mwaka 2019, lilihusu watoto 606 wa Mbale nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya, Kinshasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Luanda nchini Angola. Baada ya kuanza dawa, matukio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa takriban nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka hadi theluthi moja ya ilivyokuwa, na vifo vikapungua kwa kiwango kama hicho.

Kipo pia kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo. Kasi ikizidi sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko katika hatari kubwa ya kupata kiharusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wa namna hiyo kunapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Huu ni mfano wa ubashiri wa hatua ya pili: baada ya kujua nani ana ugonjwa, madaktari hutafuta nani miongoni mwao yuko karibu na janga.

Kabla ya ndoa

Njia nyingine ya kutumia elimu hii ni kuwapima vijana kabla hawajaoana. Hapa Uganda baadhi ya makanisa na misikiti huwahimiza wachumba kupima, na mwaka 2017 mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka wa Buganda zilielekezwa kwenye uhamasishaji kuhusu selimundu.

Mataifa mengine yamekwenda mbali zaidi. Nchini Cyprus, ambako takriban mtu mmoja kati ya saba ana jeni ya thalasemia, ugonjwa wa damu wenye undugu na selimundu, kanisa la Kiorthodoksi lilianza katika miaka ya 1980 kudai cheti cha kipimo kabla ya kufungisha ndoa. Kuzaliwa kwa watoto wenye ugonjwa huo kulipungua hadi kukaribia sifuri. Hata hivyo, wachumba wengi waliokutwa wote wawili ni wabebaji hawakuachana. Walioana na kutumia vipimo vya wakati wa ujauzito. Nchini Bahrain, sheria ya mwaka 2004 inawataka wachumba wapimwe na wapewe ushauri, lakini haiwakatazi kuoana. Uamuzi unabaki kuwa wao.

Marekani inatoa mfano wa kujihadhari nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwalazimisha Wamarekani weusi kupimwa selimundu, bila kutoa ushauri wa kutosha. Watu waliokuwa wabebaji tu, wazima kabisa, walichukuliwa kuwa wagonjwa. Baadhi walinyimwa kazi, wengine bima. Sheria ya kitaifa iliyotiwa saini mwaka 1972 ikasisitiza kwamba upimaji unaogharimiwa na serikali uwe wa hiari.

Fundisho lililopatikana ni kwamba jibu la maabara lina nguvu ya kujenga na ya kubomoa. Kijana aliyeambiwa kuwa ni AS anahitaji kuelezwa kwamba haumwi, hataugua kwa sababu ya jeni hiyo katika hali za kawaida, na hana sababu ya kukosa mwenzi. Wachumba walio wabebaji wote wawili wanahitaji kuelezwa njia walizo nazo, ikiwemo ya kuoana na kuhakikisha kila mtoto anapimwa siku za mwanzo za maisha yake. Majibu ni siri ya mwenyewe. Yakitolewa hadharani mbele ya wazee wa ukoo, au kusomwa kanisani, yanaweza kuvunja nyumba ambayo kipimo kilikusudia kuisaidia.

Hali katika nchi jirani

Jeni haijui mipaka. Katika utafiti wa Kinshasa uliohusu watoto wachanga zaidi ya 31,000, karibu asilimia 17 walikuwa wabebaji na asilimia 1.4 walikuwa wagonjwa, kiwango ambacho ni maradufu ya wastani wa Uganda. Nchini Tanzania, hospitali ya taifa ya Muhimbili ya Dar es Salaam imekuwa ikiwafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, na kazi hiyo imetoa sehemu kubwa ya maarifa yaliyopo kuhusu ugonjwa huu Afrika Mashariki. Familia zinazohama kutoka Kongo kuja Uganda, au zinazofanya biashara kati ya Mwanza, Kisumu na Jinja, hubeba historia ile ile ya malaria katika damu zao.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayevuka mpaka anapaswa kusafiri na kadi au cheti kinachoonyesha hali yake na dawa anazotumia. Daktari asiyemfahamu, akimwona ana homa na maumivu, anaweza kumtibu malaria peke yake na kumrudisha nyumbani.

Tiba ya kubadilisha jeni

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, inayohariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Chembe mama za damu hutolewa mwilini, hurekebishwa maabara ili zitengeneze tena himoglobini ya mimba, kisha hurudishwa baada ya uboho wa mgonjwa kusafishwa kwa dawa kali. Wengi wa waliotibiwa katika majaribio walikaa mwaka mzima au zaidi bila shambulio kali la maumivu.

Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na huhitaji hospitali yenye vifaa vya upandikizaji wa uboho. Wengi wa wagonjwa wa selimundu duniani wako Afrika kusini mwa Sahara, ambako tiba hiyo haiwafikii. Kwao, kwa sasa, maendeleo yenye maana ni tone la damu la kisigino, penisilini, chandarua, chanjo na haidroksiyurea isiyokatika katika duka la dawa la hospitali ya wilaya.

Pale ubashiri unapoishia

Mafanikio ya selimundu yasichukuliwe kuwa kanuni ya maradhi yote. Kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengi ya moyo huchangiwa na mamia ya jeni, kila moja kwa kiasi kidogo, pamoja na chakula, kazi, umri na mazingira. Kipimo cha vinasaba kinachotangazwa mtandaoni kwamba kitamwambia mtu magonjwa yote atakayoyapata hakiwezi kutoa uhakika kama unaotolewa na kipimo cha AS na SS. Kinachotolewa ni uwezekano tu. Tena, sehemu kubwa ya hesabu hizo imetokana na damu za watu wenye asili ya Ulaya, na imeonekana kwamba usahihi wake hupungua inapotumika kwa Waafrika.

Kati ya pande hizo mbili yapo magonjwa kama saratani ya matiti ya kurithi. Mwanamke mwenye kasoro katika jeni ziitwazo BRCA1 au BRCA2 ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani hiyo kabla ya kufikia umri wa miaka 80. Si hakika, lakini ni sababu tosha ya kuchunguzwa mapema na mara kwa mara. Wakati huohuo, wanawake wengi wanaougua saratani ya matiti hawana kasoro hizo, hivyo kukosekana kwake si ruhusa ya kupuuza uvimbe.

Mambo ya kuuliza kliniki

Wazazi wanaotaka kujua hali ya mtoto wao wanashauriwa kumwomba mhudumu wa afya kipimo kinachotenganisha AA, AS na SS, na kuhakikisha jibu linaandikwa katika kadi ya kliniki. Mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili anayevimba vidole vya mikono au miguu kwa maumivu, anayepungukiwa na damu mara kwa mara, au mwenye macho ya manjano, apimwe bila kuchelewa hata kama amekwisha kutibiwa malaria. Akigundulika kuwa SS, wazazi waulize kuhusu penisilini ya kila siku, chanjo, dawa za kuzuia malaria na haidroksiyurea, na waombe kuonyeshwa namna ya kupapasa bandama. Homa yoyote kwa mtoto huyo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu zake nao wapimwe, wakiwemo wale wanaoonekana wazima, kwani watakapofikia umri wa kuoa na kuolewa watahitaji kujua. Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa kila tarehe 19 Juni.